Nani Kasema Avumilie

Wakiniuliza nilivyoingia kwenye kazi ya video, huwa nawadanganya. Nawaambia tangu utotoni nilipenda picha zinazotembea, nao wanatikisa vichwa, wanaridhika, wanakwenda zao. Ukweli ni kwamba niliingia kwa kutazama viatu. Viatu, miguu ya viti, pindo za magauni, dari yenye feni mbovu, kutwa nzima, huku nalia mpaka makamasi yananishuka. Na kama baba yangu asingepotewa na sauti, labda mpaka leo ningekuwa nafagia studio ya Mjomba na kubandika vibandiko kwenye diski za harusi za watu.

Baba alikuwa dalali wa mnada. Mtaa mzima ulimwita Baragumu, na hata Mama akikasirika alimwita hivyohivyo. Akipanda juu ya kreti kuuza kabati la mtu aliyehama, walioko ng'ambo ya barabara waligeuka kumwangalia. Angekuuzia kitanda kibovu na bado ukaondoka unacheka. Shule hakufika mbali. Tarakimu alizichora vizuri, maneno yakampa taabu, na barua zikija nyumbani Mama ndiye aliyesoma. Lakini mdomo alijaliwa, jamani, usipime.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Sisi tukasema ni vumbi la sokoni, tukamtengenezea maji ya moto na asali. Sauti ikazidi kukauka, ikawa ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, na daktari akatuita akatuambia bila kupindisha: ni saratani, kisanduku cha sauti itabidi kitolewe chote. Ataishi, Mungu akipenda. Atapumua kwa tundu shingoni. Kusema ndiyo basi. Mama akauliza, hata kidogo? Daktari akasema hata kidogo.

Mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa ameshachumbiwa na harusi ilikuwa bado mbali. Tukaiharakisha. Sababu ilikuwa moja tu, Baba apate kusimama aseme na binti yake angali na sauti. Mume alikuwa na kazi nchi ya mbali na wangeondoka asubuhi ya pili yake, naye Baba angeingia hospitali wiki ileile. Kwa hiyo maneno yale yangekuwa ya mwisho, wote tulilijua hilo, na ndiyo maana tukasema yapigwe video vizuri.

Vizuri! Hapo ndipo anapoingia Mjomba, kaka yake Mama, mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Watu walimwita Direkta, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mimi nilikuwa msaidizi wake, maana yake nafagia, napokea simu, nachemsha chai, na nasikiliza hadithi zake. Alikuwa na fundi wa kuhariri, kijana hodari, lakini walishagombana. Mjomba alitaka mioyo myekundu inayoruka kwenye kila harusi, fundi akasema mioyo imemchosha, akabeba begi lake akaenda.

Sasa sikilizeni mambo ya Direkta. Kamera ina kitaa chekundu kwa mbele, kinawaka inaporekodi. Mjomba alikiziba kwa utepe mweusi, kwa sababu watu wakikiona wanakaza shingo na kutoa meno yote nje. Hilo sikatai, ni ujanja mzuri. Lakini kwenye kioo kidogo cha nyuma kuna maandishi yanayokuambia kama inarekodi au hairekodi, na macho ya Mjomba yalikuwa yamekwisha, na miwani hataki. Direkta gani avae miwani? Basi yeye alikwenda kwa hesabu ya kidole: bonyeza, imewaka, bonyeza, imezima. Miaka yote hiyo kidole kilimtosha.

Siku ya harusi, alipokuwa anaitoa kamera kwenye begi, kidole kiligusa kitufe bila yeye kujua. Kamera ikaanza kurekodi kitambaa cha begi. Kuanzia hapo kila kitu kikaenda kinyume. Alipodhani anawasha, alizima. Alipodhani amezima, akaiweka kamera kwenye kiti ili apumzike, ndipo ilipowaka na kuanza kurekodi sakafu kwa bidii zote. Bibi harusi anaingia, hakuna. Pete, hakuna. Baba anasimama, anakohoa, anasema, "Haya, mwanangu," na hapo Mjomba akabonyeza kitufe kwa mbwembwe zake, na kamera ikalala.

Mtauliza kuhusu simu za watu. Mjomba alimwambia mshereheshaji atangaze kila mtu aweke simu mfukoni, eti mikono iliyoinuliwa inamharibia picha. Na watu wakatii, sijui kwa nini siku hiyo moja watu wakatii. Baadaye tulizunguka kwa ndugu na marafiki tukiomba chochote walichonacho. Tukapata kipande cha kisogo cha mtu na muziki. Mimi mwenyewe, wakati Baba anasema, nilikuwa nje nabishana na mleta barafu. Nilisikia kicheko cha ukumbini na makofi, basi.

Kesho yake, Kitinda na mumewe wameshapaa, nilichomeka kadi kwenye kompyuta ili nianze kuhifadhi. Nikaona kitambaa. Nikaona sakafu. Nikasogeza mbele, nikaona viatu. Nikasogeza tena, viatu vingine. Nikamwita Mjomba, akaja na kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma yangu, akasema labda mbele zaidi. Mbele zaidi palikuwa na dari. Akakaa chini, pale pale sakafuni, na chai yake.

"Mpwa wangu," akaniambia, "mama yako asijue."

Baba akafanyiwa upasuaji. Akarudi nyumbani amekonda, bandeji shingoni, na katikati ya bandeji tundu linalopumua. Nyumba ikawa kimya. Hamjui nyumba ya dalali inavyokuwa kimya. Mama alipika, akaongea naye, akasubiri jibu kwa mazoea, jibu likawa haliji, mwishowe akaacha kuongea. Baba alikuwa na kitu kimoja tu anachokitaka. Kila nilipoingia alinyanyua mikono na kuchora mraba hewani, kama tivii, kisha akajigusa kifua. Nikamwambia bado, Baba. Akachora tena. Nikamwambia bado inapikwa, maana Mjomba alishanifundisha kusema hivyo, kwamba video ya harusi huwekwa jikoni, huwezi kuiharakisha.

Kisha akaanza kukataa chakula. Uji mwepesi wa kupitishia mrija alioelekezwa na daktari aliusukuma pembeni na kuugeukia ukuta. Mama akanifuata studio, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale, akasimama mlangoni na mkoba umebanwa kwapani. Akasema, "Baba yako anangoja hiyo video. Asipoiona atakufa, na mimi nitajua nani amemwua." Akaondoka. Nikatazamana na Mjomba. La kuvunda halina ubani, nilimwambia, tukaseme ukweli. Akakataa katakata. Akasema ukweli ndio utakaommaliza mgonjwa.

Halafu akanipa wazo ambalo, Mungu amsamehe, lilikuwa zuri.

Kwa sababu sauti ya Baba ilikuwa dhaifu, Mjomba alimbania maiki ndogo kifuani tangu asubuhi. Maiki hiyo ilipeleka sauti kwenye kamera muda wote. Kwa hiyo kamera inatazama viatu, sawa, lakini inamsikia Baba. Anamsalimia mkwe wake. Analalamika kiatu kinabana. Anamtania Mjomba kwamba tumbo lake litaingia kwenye picha kabla yake. Sauti yake ipo, imekwaruza, lakini ipo, maneno mengi, ila siyo maneno yale. Mjomba akasema, "Maneno ni maneno. Chukua moja hapa, moja pale, unga. Juu yake weka picha za mnato alizopiga mpiga picha wa ukumbi, weka makofi, weka muziki. Nani atajua?"

Mimi sikujua kuhariri. Nilijua kuwasha kompyuta na kuizima. Lakini fundi ameondoka, Mjomba anajua mioyo inayoruka peke yake, na nyumbani mtu hali. Basi nikakaa. Nikatazama mafunzo kwenye simu, nikabonyeza nikakosea, nikafuta nikaanza upya. Nikaandaa jedwali kichwani mwangu la kila neno la Baba na mahali lilipo. "Mwanangu" nililipata pale anapomwita mtoto wa jirani asikimbie karibu na keki. "Nenda salama" alimwambia mgeni aliyewahi kuondoka. "Mumeo" lilitoka katika utani na Shangazi.

Na nisidanganye, maana nimeshasema huwa nadanganya na leo nimeacha: niliipenda. Baba yangu anakonda kwenye godoro na mimi nimekaa kwenye kiti kibovu, hedifoni masikioni, napata raha ambayo sikuwahi kuipata tangu nizaliwe. Neno likikaa vizuri baada ya neno, mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Nikigusa kidogo, uongo unaonekana. Nikigusa kidogo tena, unatoweka. Nilifeli kozi ya uhasibu, nikafeli ususi, watu walishaniona mzigo, na kumbe kazi yangu ilikuwa hii. Nililia na kufanya, kufanya na kulia.

Tatizo likawa, mtu alisema nini hasa? Nikauliza. Wa upande wa kiumeni wakasema alisifu familia yao. Shangazi, dada yake Baba, mama mwenye msimamo wake, akaapa kwamba kaka yake alimwambia binti avumilie, ndoa ni uvumilivu, alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kitinda kwenye simu akasema, Dada, nilikuwa nalia, sikusikia neno. Mama akasema alisema, watu wakacheka, inatosha, akaendelea kusugua sufuria. Nikaona basi, la Shangazi ndilo linalosemwa katika kila harusi, haliwezi kuharibu kitu.

"Vumilia" nililikuta pale Mjomba anapolia njaa na Baba anamwambia vumilia, chakula kinakuja. Nikakata "chakula kinakuja". Ikabaki vumilia. Baba anamwambia binti yake nenda salama, mwanangu, vumilia. Juu yake nikaweka picha ya mnato ya Baba amesimama, nyingine ya Kitinda amejifunika uso kwa leso, na makofi kwa mbali. Mjomba alipoiona alilia machozi halisi, akanishika kichwa, akasema kuanzia leo wewe ndiye mhariri wa studio hii. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Tuliionyesha nyumbani mchana. Mama, Shangazi, Mjomba aliyevaa koti, na Baba tumemketisha kwenye kochi na mito. Kitinda tulimpigia simu ya picha tukaiegemeza kwenye glasi ielekee tivii. Sauti ya Baba ilipotoka, Shangazi akashika mdomo. Ilipofika "vumilia" akatikisa kichwa na kusema, ndiyo, ndiyo yenyewe, si niliwaambia? Mama alikuwa anatazama sakafu. Mjomba akajipangusa. Kwenye simu Kitinda hakulia. Akasema tu, "Ahsante, Baba. Nimesikia." Sauti yake haikuwa na kitu ndani.

Nikamgeukia Baba. Nilitegemea machozi, tabasamu, chochote. Alikuwa ananitazama mimi, siyo tivii. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mjomba akasema ni furaha, imemzidi. Na uji akaukataa jioni ile, na siku iliyofuata pia.

Kitinda akanipigia nikiwa studio. Kwanza akauliza hali ya hewa, nikajua kuna jambo. Kisha likatoka lote. Mumewe haongei naye, anakula chumbani peke yake, na siku akiongea ni afadhali asingeongea. Juzi alimsukuma ukutani kwa ajili ya chumvi. Alikuwa amefikiri kurudi nyumbani, akasema, alishaanza hata kutafuta tiketi. Nikamwambia rudi, unangoja nini? Akasema, "Baba kasema nivumilie, Dada. Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Nitaanzaje?"

Simu ilikatika na mimi bado nimeishikilia. Nilitoka na kompyuta kifuani bila hata kumuaga Mjomba, nikatembea mpaka nyumbani nikiwa siwaoni watu.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na ubao mdogo wa chaki tuliomnunulia, ule wa watoto. Umeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: NANI KASEMA AVUMILIE. Blanketi lake lilikuwa limejaa vumbi la chaki. Nikaelewa kwamba ameandika zaidi ya mara moja, na kwamba kuna mtu amekuwa akifuta. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine ila Mama.

Nikapiga magoti nikamweleza yote. Kitaa, utepe, kidole cha Mjomba, viatu. Maneno niliyoyaokota na kuyaunga. Nikamweleza na ya Kitinda, ukuta na chumvi. Nilidhani atanipiga, na ningeona sawa. Alifumba macho. Tundu la shingoni likawa linapumua haraka haraka, sauti ya upepo mlangoni, na mikono yake imeshika ubao mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake, na mimi nimemtia mdomoni neno lisilo lake, na hana hata sauti ya kunitukana. Kisha akachora mraba hewani, akajigusa kifua, palepale ilipokuwa imebanwa maiki.

Ndipo nikaelewa. Hakuwa akingoja hotuba siku zote zile. Alijua maiki ilikuwa kifuani, ametumia maiki maisha yake yote, na kuna kitu alikisema karibu nayo.

Nikafungua kanda yenyewe, viatu vyote, bila kukata. Nikampa upande mmoja wa hedifoni, mwingine nikaushika sikioni mwangu. Akasikiliza macho yamefumbwa, mkono juu ya mkono wangu, na kila nilipotaka kuruka mbele alinibana. Mahali fulani akanigonga. Simama. Rudi nyuma. Palikuwa kabla hajasimama kusema, muziki wa ukumbini uko juu, picha ni kiatu chake cheusi na ncha ya gauni la Mama. Mimi pale nilikuwa nimepita siku zote nikidhani ni kelele. Nikashusha muziki, nikasafisha, nikapandisha sauti ya chini, kidogo kidogo. Chini ya ngoma pakatokea mnong'ono.

Alikuwa anamnong'oneza Mama sikioni atakachomwambia Kitinda.

"Nitamwambia hivi. Mwanangu, maisha yangu yote nimeuza vitu vya watu. Vitanda, masufuria, hata mlango wa nyumba iliyobomoka. Wewe sijakuuza. Huyu kijana hajanunua kitu. Siku ukitaka kurudi, rudi. Usiniletee sababu."

Kisha sauti ya Mama, karibu na maiki: "Usimwambie hayo mbele ya wakwe. Utamvunjia nyumba kabla hajaingia."

Na baada ya makofi, Baba akikaa, anahema: "Basi nimepiga porojo za mnadani, wamecheka. Lile nitamwambia mwenyewe kesho, kabla hawajaondoka."

Kesho hiyo ninaikumbuka. Masanduku mlangoni, ndugu wamejaa hadi uani, dereva anapiga honi. Baba alimshika Kitinda mkono, watu wakawatenganisha kwa kukumbatiana kwingi, na gari likaondoka.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ilikuwa imevuja nje ya hedifoni, na sauti ile angeisikia hata akiwa kaburini. Hakukana. Akasema yeye amevumilia na nyumba imesimama, watoto wamekula, wamesoma, na kwamba mtoto ukimwonyesha mlango wa kutokea siku ya kuingia hatakaa. Nikamwambia Kitinda amesukumwa ukutani. Akauliza kwa sababu gani. Nikasema chumvi. Mama akakaa kwenye kiti cha pembeni, akavua kilemba, akakikunja, akakikunjua. Akasema, "Mpelekee." Halafu akasema tena, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha, "Si umpelekee."

Nikakata mwanzo na mwisho tu. Sikuweka muziki. Sikuweka picha ya mnato, sikuweka kitu. Nikaacha kiatu cheusi na ncha ya gauni, na mnong'ono. Nikamtumia Kitinda, na chini yake nikamwandikia ukweli: ile ya kwanza niliiunga mimi, neno vumilia Baba hakukuambia wewe, hii ndiyo yenyewe. Baba akakaa karibu nami, ameegemea. Mama akabaki kwenye kiti chake.

Kitinda akapiga. Nikaweka spika ili wote wasikie. Nilifikiri tutasikia kilio, na badala yake tukasikia sauti tulivu ya mtu aliyechoka.

"Dada, hii nayo umeitengeneza?"

Nikamwambia hapana, wallahi hapana.

"Ya kwanza nayo ilikuwa sauti yake. Niliiamini. Nimelala nayo, nimeamka nayo." Akavuta pumzi. "Asubuhi nimekuambia nataka kurudi. Mchana huu unaniletea Baba anasema nirudi. Ungekuwa mimi, ungeamini?"

Niliapa kwa kila kitu, na kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyojisikia muongo zaidi. Nikamwambia Mama yupo, muulize Mama. Mama akasema, ni kweli, mwanangu, aliyasema, mimi ndiye niliyemzuia. Kitinda akasema, "Mama, na siku ile ulikaa mbele ya tivii ukanyamaza." Mama akajifunika uso kwa kilemba. Nikasema tupige ya picha, umwone Baba mwenyewe, na Kitinda akasema amwone akifanya nini, akitikisa kichwa kwa unayomwambia wewe? Anaogopa, akasema. Hajui tena lipi ni la Baba na lipi ni letu. Afadhali akae na alilolizoea. Akaanza kuaga.

Baba akaninyang'anya simu. Alifungua mdomo, akasahau kwa mara nyingine kwamba hauna kazi, midomo ikaenda, koo likakazana, mishipa ikasimama, na hakikutoka kitu. Niliona machozi yanamshuka bila sauti. Akajishika shingo. Akaivuta bandeji pembeni kwa kidole, akaisogeza simu mpaka kwenye lile tundu, akaishikilia hapo, akapumua.

Upepo ukaingia ukatoka, wenye makohozi na filimbi ndani yake, sauti mbaya, ambayo hakuna mtu angeweza kuiunga kutoka kwenye harusi yoyote.

Nikadhani amekata.

"Baba?" akasema.

Akapumua.

"Baba, ni wewe uliyesema?"

Akapumua kwa nguvu zaidi, mpaka mabega yakapanda. Nikataka kumsaidia kushika simu, akanisukuma kwa kiwiko. Kitinda hakuuliza kitu kingine. Tulisikia akilia kidogo, kisha tukasikia hatua zake, kitu kizito kikiburutwa kutoka chini ya kitanda, na zipu ya begi ikifunguliwa.